Vidonge Kwenye Maranda

Kila jioni, akishavua sare za shule, Chiriku alifagia maranda chini ya meza ya baba yake, fundi seremala. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Kitendawili," baba alisema.

"Tega."

"Mfanyakazi wangu hajalala tangu nizaliwe."

"Moyo. Hicho cha watoto wa chekechea, baba."

Baba alicheka, akajikuna kovu la kifuani. Miaka michache nyuma alipata shambulio la moyo. Madaktari wakampasua, wakatoa mshipa mguuni na kuuunga kwenye moyo ili damu ipate njia mpya. Akapona, akarudi kupiga randa.

Jioni ile fagio lilizoa vidonge viwili vyeupe.

"Baba, hizi si dawa zako?"

"Sema polepole, mwanangu. Zinanilegeza, msumeno unanishinda. Mimi nikishatengeneza kiti, hurudi kukipigilia misumari kila siku? Moyo ulishatengenezwa. Mama yako asijue, atanisumbua bure."

Chiriku aliona fahari kupewa siri ya mtu mzima. Akawa anavifagia vidonge pamoja na maranda, kimya.

Miezi ikapita. Asubuhi moja baba aliinama kuokota ubao, akashindwa kuinuka.

Hospitalini daktari aliuliza, "Dawa anakunywa?"

"Kila siku," mama alijibu. "Namwekea mwenyewe mkononi."

Chiriku alimshika mama yake mkono. "Hanywi, mama. Anazitupa. Mimi ndiye ninayezifagia."

Mama aliketi sakafuni. Daktari akageuka upesi kumwelekeza muuguzi, maana sasa alijua ugonjwa ulikotokea.

Baba aliishi. Ila sehemu ya moyo wake ilikuwa imekufa, na hatua chache tu zilimwacha akihema. Siku fundi mwenzake alipokuja kuchukua meza ya kazi, baba aligeukia ukutani.

Chiriku alimfuata bibi yake uani, alikokuwa anafua mashuka ya mgonjwa.

"Bibi, ningesema mapema, baba angekuwa kazini?"

"Pengine," bibi alijibu; hakutaka kumdanganya. "Upasuaji ulimpa mwanangu njia mpya ya damu, haukumwondolea ugonjwa. Dawa ndizo zilizokuwa zikiilinda njia hiyo, na zilikuwa za maisha yote. Lakini mzigo ule haukuwa wako, mjukuu wangu. Mtu mzima ndiye aliyekutwika. Siku nyingine ukipewa siri inayoweza kumuumiza mtu, njoo useme, hata kama aliyekupa ni baba yako. Ulisema hospitalini, ndiyo maana bado tunaye."

Bibi alikamua shuka, akalitundika kambani.

"Sasa nenda ukakae naye. Tangu asubuhi anataka kukuita, anaona haya."