Kioo cha Pili cha Mchapaji

Asubuhi, pacha wake wakishaondoka kwenda shule na mume wake akishabeba mfuko wa spana, nyumba ya Mama Pacha hutulia. Kinachosikika ni mlio wa friji na vidole vyake mwenyewe juu ya kompyuta. Mama Pacha ni mchapaji. Kazi zake huzifanya sebuleni, kwenye meza ya chakula, karibu na dirisha.

Mwezi ule alikuwa na kazi ya daftari za uzazi. Hospitali moja kongwe ilitaka daftari zake za zamani, zilizoandikwa kwa mkono, ziingizwe kwenye kompyuta. Msimamizi wa kazi hiyo alimtumia picha za kurasa. Kila mstari ulikuwa na namba, tarehe, jina la mama, jinsia ya mtoto na uzito wake. Mama Pacha alisoma kwenye picha, kisha akaandika kwenye jedwali ambalo lilikuwa na namba tayari.

Kazi yenyewe haikumshinda. Kilichomsumbua ni kioo. Kompyuta yake ilikuwa ile ndogo ya kukunja, na kioo chake kilitosha kitu kimoja tu. Akifungua picha, jedwali linajificha. Akifungua jedwali, picha inajificha. Ikambidi asome mstari, aushike kichwani, abadilishe, aandike, kisha arudi kwenye picha kutafuta alipoishia. Alifanya hivyo mara mia kwa siku. Na wakunga wale wa zamani, tuseme ukweli, waliandika haraka, kama watu wanaoitwa chumba cha pili.

Siku moja msimamizi alipiga simu. Alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya pole.

"Mwanangu, kazi imerudi tena," alisema. "Uliruka mstari wa themanini na nane. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa ukurasa, kila mama amepewa mtoto wa mwenzake."

Mama Pacha alijisikia kama mtu aliyeingia wodini akachanganya vitanda.

"Watu huja hapa kutafuta ushahidi wa kuzaliwa kwao," msimamizi aliendelea. "Hii ni mara ya pili. Ikirudi mara ya tatu, daftari itabidi nimpe mtu mwingine. Sisemi kwa ubaya."

"Nimekuelewa, mama. Nitarekebisha."

Mchana mume wake alirudi kula. Watu walimwita Baba Pacha, na kazini alikuwa fundi bomba. Alimkuta mkewe ameshika shavu.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu. Nimewachanganya watoto wa watu."

Akamweleza. Baba Pacha alisikiliza huku akitafuna.

"Si uweke picha kwenye simu?"

"Nimejaribu. Herufi zinakuwa kama sisimizi. Nikizikuza, mstari hautoshi."

Macho ya Mama Pacha yakaenda kwenye kona ya sebule. Pale palikuwa na kompyuta kubwa ya kaka yake. Ni ile ya aina ambayo kioo na mashine ni kitu kimoja. Huoni kasha pembeni, kila kitu kimejificha nyuma ya kioo. Kaka alikuwa nayo dukani, akafunga duka, akawaachia. Ilikuwa inawaka, ila kwa uvivu. Ukiipa kazi mbili inaganda. Kwa hiyo walikuwa wameifunika kitambaa, na juu ya kitambaa hawakukosa cha kuweka.

"Kioo kile ni kizuri," alisema Mama Pacha. "Kama ningeweza kukitumia kama kioo tu. Ile ndogo ifanye kazi, hii kubwa ionyeshe."

"Hilo tu?" Baba Pacha alinyanyuka. "Waya wa televisheni si upo?"

Waya ulikuwepo. Upande mmoja uliingia kwenye kompyuta ndogo. Upande wa pili uliingia kwenye tundu nyuma ya ile kubwa, tena ulikaa sawasawa, kama umezaliwa nalo. Wakawasha. Wakasubiri. Kompyuta kubwa ikaonyesha mambo yake yenyewe. Ya ile ndogo haikuonyesha hata chembe.

Walichomoa, wakachomeka tena. Waligeuza waya. Baba Pacha aliugonga ubavu wa mashine kidogo, kwa heshima.

"Imekufa upande mmoja," alitangaza. Kisha akatoa bisibisi mfukoni. "Dawa ni kuifungua. Tunatoa matumbo, tunabaki na kioo."

"Ngoja kwanza nimwite Miwani."

"Kila kitu Miwani."

"Bomba likipasuka si wanakuita wewe? Basi."

Miwani alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mwanamke anayetengeneza kompyuta. Jina hilo lilimjia kwa sababu miwani yake hukaa kichwani na yeye huitafuta mezani. Aliingia, akasalimia, akaona bisibisi.

"Shemeji, naomba hiyo uiweke chini."

"Nimechomoa umeme. Mimi si mtoto."

"Najua umechomoa. Lakini ndani ya hizi mashine kuna sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Unaweza kukurusha. Na kioo chenyewe hakiwezi kupokea picha kikiwa peke yake, lazima kiwe na kibao chake cha kukiongoza. Ungebaki na sahani tu."

Baba Pacha aliiweka bisibisi chini, shingo upande.

Miwani aliinama nyuma ya mashine. Alishusha miwani machoni, akaangalia tundu lenye waya.

"Nikuulize jambo la kazini kwako," alisema. "Una bomba mbili. Zote zinasukuma maji nje. Ukiziunga mdomo kwa mdomo, nini kinapita?"

"Hakipiti kitu," Baba Pacha alijibu bila kufikiri. "Zinasukumana tu. Nani mjinga wa kuunga hivyo?"

Miwani alielekeza kidole kwenye waya. Baba Pacha akautazama waya, akautazama mkewe, akakaa kitini.

"Ni mimi," alisema.

Mama Pacha alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Usijilaumu," Miwani alisema. "Wengi hufanya hivyo, kwa sababu tundu linafanana. Lakini tundu hili ni la kutoa picha. Limewekwa ili mashine hii ipeleke picha kwenye televisheni. La ndogo pia ni la kutoa. Zote zinasema, hakuna inayosikiliza."

"Hakuna zenye tundu la kupokea?" Mama Pacha aliuliza.

"Zipo chache. Huwa na maandishi madogo pembeni ya tundu. Usikisie. Soma namba ya aina ya mashine nyuma hapa, kisha tafuta kwenye mtandao au kwenye kitabu chake, kabla hujanunua chochote. Hii yako nimeona, haina."

Uso wa Mama Pacha ulishuka.

"Bado sijamaliza. Kama ingekuwa imekufa kabisa, fundi angeweza kuifungua na kuwekea kioo kibao kingine. Lakini yako inawaka. Itapokea picha kwa hewa, bila waya."

Miwani aliwasha kompyuta kubwa, na wote wakaingoja ijivute. Alihakikisha kwamba zote mbili zimeunganishwa kwenye intaneti ile ile ya nyumbani. Kisha akafungua mipangilio ya kubwa, akatafuta mahali pa kuiruhusu ipokee picha kutoka mashine nyingine. Sehemu hiyo haikuwepo, ikabidi aiongeze. Ilichukua dakika chache.

"Chagua iulize ruhusa kila mara, tena kwa namba ya siri," alimwambia Mama Pacha, akampa kiti. "Fanya wewe, ili kesho usinihitaji. Hutaki jirani akuletee picha zake."

"Wewe ndiye jirani."

"Ndiyo maana nakuonya."

Kwenye kompyuta ndogo, Mama Pacha alitafuta maneno ya kuunganisha kioo kingine. Jina la mashine kubwa likatokea. Akaligusa. Ile kubwa ikauliza kama ikubali, ikatoa namba, akaiandika. Kioo kikawa cheusi, halafu kikawaka. Jedwali lake likatokea kwenye vioo vyote viwili, sawa kwa sawa.

Alilitazama kwa muda. "Sasa nitaona makosa yangu mara mbili."

"Hapo imerudia. Wewe unataka ipanue nafasi. Rudi pale pale, badilisha."

Alibadilisha. Kioo kikubwa kikabaki wazi. Akaivuta picha ya daftari kwa kipanya mpaka ukingoni mwa kioo kidogo, na picha ikavuka, ikatua kwenye kikubwa. Mwandiko wa wakunga ulisomeka wote, upana mzima. Jedwali lilibaki pale pale mbele yake.

"Itachelewa kidogo," Miwani alisema. "Ukiangalia filamu itakuudhi. Kwa ukurasa uliotulia haina neno. Na hii mashine ni kongwe, haipati tena marekebisho ya usalama. Isifungue barua zako wala mambo ya benki. Kazi yake iwe kuonyesha tu."

"Hata mimi ningependa kazi hiyo," alisema Baba Pacha.

Kuanzia kesho yake Mama Pacha alifanya kazi kwa utaratibu mwingine. Alisoma kulia, akaandika kushoto, na hakuna kilichojificha. Chini ya kila mstari aliweka rula juu ya kioo, taratibu, kisha akaishusha. Kwanza alirekebisha ukurasa uliorudi. Kisha akasonga mbele.

Siku ya tatu alisimama. Ukurasa ulikuwa umeishia mia moja arobaini na tatu. Alifungua unaofuata, ukaanza na mia moja arobaini na tano. Kwenye jedwali, mstari wa mia moja arobaini na nne ulikuwa unamngoja. Zamani angeujaza bila kujua, na watoto wote wa mbele wangehama mama. Sasa alikuwa anaziona namba zote kwa pamoja.

Alimpigia msimamizi.

"Sijaruka mstari, mama. Nimeangalia mara tatu. Kuna mtu hayupo."

Msimamizi alimwomba asubiri. Ilipita nusu saa, simu ikaita.

"Nimeitoa daftari kabatini," alisema. "Ukingo wa chini ulikuwa umekunjwa, aliyepiga picha hakuufungua. Mtoto yuko chini ya mkunjo. Nakutumia." Kisha akaongeza, "Ukimaliza hizi, nina daftari nyingine sita. Ni zako."

Picha ilipofika, Mama Pacha aliivusha kwenye kioo kikubwa. Baba Pacha, ambaye alikuwa anafunga mfuko wake wa spana, alikuja kusimama nyuma ya kiti.

"Ni nani?"

"Wa kike. Kilo mbili na nusu."

"Mdogo."

"Alikuwa mdogo. Sasa ana miaka thelathini na sita."

Mama Pacha aliweka rula chini ya mstari. Aliandika tarehe. Aliandika jina la mama, herufi moja moja, akiangalia kulia, akiangalia kushoto. Kisha akahifadhi, akafungua ukurasa uliofuata.