Minyoo Wasio na Mdomo

Mama Ndoo alikuwa msafishaji katika maabara ya viumbe wa baharini. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuonekana bila ndoo. Uchafu na yeye hawakuiva chungu kimoja.

Ijumaa alasiri aliingia chumba cha mwisho. Humo mlikuwa na tangi nene la chuma lenye kidirisha kidogo. Ndani yake waliishi minyoo wakubwa wa kilindini, wenye vishungi vyekundu. Chumba kilinuka mayai viza. Aliifuata harufu mpaka kwenye bomba dogo la manjano lililoingia tangini, akalifunga. Akapiga deki, akaenda zake.

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi viatu. Mume akaacha kushona. Alimuuliza nani kamtuma kugusa bomba la watu. Kweli, hakutumwa na mtu. Mume akamshauri apige kimya, maana kazi ikiota mbawa, watoto watatu watakula nini?

Jumamosi asubuhi aliiacha chai mezani. Akampigia simu mtaalamu wa maabara, akasema yote. Walikutana kwenye chumba kile. Mtaalamu akafungua bomba haraka.

"Nilidhani maji yameoza," alisema Mama Ndoo.

"Harufu hiyo ndiyo chakula chao, mama."

Mtaalamu akamweleza. Kilindini jua halifiki, wala mimea haioti. Lakini kwenye nyufa za ardhi hububujika maji ya moto yenye gesi hiyo inayonuka. Minyoo hawa hawana mdomo wala tumbo. Miilini mwao wanaishi bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mnyoo huivuta gesi kwa kishungi chake. Bakteria huitumia kutengeneza chakula, na mnyoo naye hushiba. Tangi ni nene kwa sababu wanyama hao wamezoea kukandamizwa na uzito wa maji. Kwa binadamu gesi hiyo ni sumu. Harufu ikizidi, usifunge kitu. Toka nje, piga simu.

Mama Ndoo aliona aibu. Amewashindisha njaa viumbe wasioweza hata kulalamika! Wakasubiri kidirishani. Vishungi vyote vilikuwa vimerudi ndani ya mirija wanamoishi minyoo. Kufika saa sita, kishungi kimoja kikachomoza. Kisha cha pili, kisha vyote.

"Ungenyamaza hadi Jumatatu, tungekuta mizoga," alisema mtaalamu.

Mama Ndoo alipofika nyumbani, mume aliuliza kama amefukuzwa.

"Nimepewa zamu ya Jumamosi. Nitakuwa naangalia lile bomba."

Mume akainamia kiatu chake. Akaendelea kushona.