Kanuni za Simuni

Mchana ule duka la kuchapa lilifurika wanafunzi, kila mmoja akitaka karatasi zake zitoke kwanza. Binti mjalidi vitabu, ambaye wateja walimwita Gundi kwa kuwa haikumtoka vidoleni, alikuwa na brashi mkononi na uzi menoni pale kijana mrefu, shati la bluu limenyooka kwa pasi, alipoweka simu mbele yake.

"Dada, naomba unichapie kitabu hiki chote."

"Si ununue kilichochapwa, kaka? Ni rahisi zaidi."

"Hakipo. Wenyewe, waliotunga mchezo, wamekitoa cha simuni tu. Ni kanuni za mchezo wa vita."

Gundi akainua macho. Mtu mzima na ndevu zake, mchezo wa vita! "Vita vya nani na nani?"

Kijana akatoa mfukoni askari wa plastiki, urefu wa kidole gumba, kapakwa rangi hata vifungo vya koti vinaonekana. Alikuwa kampaka mwenyewe; kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia, kwa hiyo mkono haukumtetemeka. "Tunawapanga mezani, tunapima kwa rula, tunarusha dadu. Zamani kitabu kilikaa katikati, tunakibishania. Siku hizi kila mtu kainamia simu yake. Hatutazamani tena."

Hilo la kutazamana alilisema akimtazama yeye. Loo! Gundi alisahau uzi menoni.

Alikijalidi kwa jalada gumu jekundu, akazipitia kurasa mara mbili kama desturi yake. Tangu afundishwe kazi na mama yake mdogo, mwenye duka, hajawahi kuruka ukurasa, na hilo ndilo alilojivunia duniani. Siku kijana, ambaye Gundi alimbatiza Jemadari, alipokuja kukichukua, alichukua na namba yake; jioni ile simu ikaita.

"Nimekisoma."

"Ndiyo umepiga unisimulie?"

"Nimepiga nikusikie."

"Mwongo wewe!" Alicheka mpaka mama mdogo akakohoa chumba cha pili.

Tangu hapo simu hazikukoma. Jemadari alimfundisha mchezo, na Gundi aliyeanza kwa kisebusebu akawa ndiye wa kwanza kufika mezani.

"Wapanda farasi wangu wanavuka mto wako, laazizi," Jemadari alimwambia.

"Wavuke tu, mradi wewe usirudi kwenu."

Mashindano ya wawili wawili yalipofika, wakaingia pamoja. Gundi alivaa gauni la kijani, kasuka upya, na ukumbi mzima ulimwona. Walikuwa wakishinda. Mchezo wa mwisho, Jemadari akasogeza wapanda farasi mtoni, na mpinzani akainua simu.

"Hawavuki. Lazima wasubiri zamu moja."

Jemadari akafunua kitabu chekundu. Kanuni hiyo haikuwemo. Mwamuzi akaangalia simu yake, na mle kanuni ilikuwemo. Wakashindwa papo hapo.

"Umeruka ukurasa!" Jemadari alimgeukia Gundi, sauti juu, watu wote wakasikia. "Hata kuchapa tu kumekushinda?"

Gundi akaweka dadu mezani polepole, akachukua mkoba, akatoka. Machozi yalimwahi mlangoni.

Simu ikaita usiku ule, ikaita asubuhi, ikaita mchana. Hakupokea.

"Pokea au izime," mama mdogo alimwambia. "Unanichosha masikio."

"Atasema nini, mama?"

"Utajuaje, na hutaki kumsikiliza?"

Jioni Jemadari akaja mwenyewe. Alipanga foleni kama wengine, shati lina makunyanzi, macho mekundu.

"Kurasa zote zimo," akasema zamu yake ilipofika. "Wenyewe wamebadilisha kanuni mle mle simuni, usiku wa kuamkia mashindano, kimya kimya. Mimi tangu nipate kitabu chako sikufungua tena cha simuni. Kosa ni langu."

"Najua sikuruka ukurasa. Hicho sicho kilichoniliza. Uliniaibisha mbele za watu, na hukuniuliza hata neno."

Jemadari akaigeukia foleni. "Jamani, dada huyu nilimsema vibaya hadharani kwa kosa asilolifanya. Hadharani namwomba radhi."

"Msamehe, dada, tuna haraka!" mwanafunzi mmoja akadakia. Watu wakaangua kicheko.

Gundi aliubana mdomo usicheke. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, kweli. Nipe ndoo nikateke mengine." Sauti ikashuka. "Nakupenda. Nilikuwa nimepanga siku ile tukishinda nikuombe nilete wazee wangu nyumbani kwenu. Nimejiharibia mwenyewe."

Brashi ikamdondoka Gundi. Alimpenda mtu huyu, na kupenda huko ndiko kulikomuuma.

"Mimi nina kanuni moja tu," akasema. "Usinihukumu kabla hujaniuliza."

"Na wenyewe wakiibadilisha usiku?"

"Mwenyewe ni mimi. Haibadiliki."

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Printa ilikuwa imenyamaza. Mama mdogo ndiye aliyeizima asikie vizuri. Gundi akajifuta gundi kwa kitambaa, akamshika Jemadari mkono mbele ya foleni nzima.

"Nakubali. Sasa sogea pembeni, watu wanasubiri."

Lakini mkono hakuuachia.