Mkanda Mwekundu wa Fundi

Jamani majirani, kabla hatujaanza kulaumiana, nisikilizeni mimi niliyeshangilia kuliko wote.

Nyumba ya fundi cherehani mnaijua, ile yenye mlango wa bluu. Kila asubuhi baba alikata vitambaa, mama akapiga pasi, na binti yao, tuliyemwita Chapuchapu kwa wepesi wa vidole, akashona vifungo. Walitaniana mpaka wateja wakasahau kuulizia nguo zao, na fundi, kama mafundi wote, alishukuru kwa usahaulifu huo.

Kisha timu moja ya ligi ya michezo ya kompyuta ikamsajili Chapuchapu awe mchezaji wa kulipwa. Msimu ulikuwa wa wiki kumi na mbili, mechi kila Jumamosi alasiri, na sisi tukijazana sebuleni kwa fundi kumtazama kwenye runinga. Mnaokumbuka nilivyovunja kiti chao, nyamazeni.

Wiki ya tatu fundi akaifunika cherehani kwa shuka. Kaka mtu akaacha useremala ili awe, kwa maneno yake, msimamizi. Alichosimamia sikukiona, kila nikipita namkuta amekaa. Mkono mmoja wa msichana wa miaka kumi na tisa ukawa umebeba nyumba nzima.

Wiki ya sita vidole vikaanza kufa ganzi. Daktari aliwaambia, baba na binti, kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, apumzike miezi miwili, la sivyo mkono utaharibika. Lakini mkataba wa timu ulisema anayekosa mechi mbili mfululizo anampisha mchezaji wa akiba. Fundi akaikunja karatasi ya daktari, akaitia mfukoni. Kesho yake akaifunua cherehani, akamshonea bintiye mkanda mwekundu, rangi ya timu, wa kubana kifundo na kuuficha uvimbe, kocha asiuone. Ulishonwa ukashoneka. Mimi hadi leo nina suruali aliyonishonea, yenye mguu mmoja mfupi.

"Baba, unanibana," Chapuchapu alisema.

"Vumilia, mwanangu. Zimebaki mechi sita. Ukianguka wewe, tumeanguka sote."

Mama alijaribu kusema kwamba msimu mwingine utakuja, mkono mwingine hauji. Akaambiwa mambo ya kisasa hayajui.

Na sisi je? Tuliupenda ule mkanda. Watoto wetu waliulilia, fundi akawashonea ya kwao. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilijifunga wangu nikatembea nao mtaani. Hakuna aliyeuliza umeficha nini.

Siku ya fainali, katikati ya mechi, mkono ukasimama juu ya kipanya. Kamera ikamwonyesha Chapuchapu akiutazama kama kitu cha mtu mwingine. Nikampigia kelele kwenye runinga, "Amka wewe, umelala?" Watu wakacheka. Timu ikafungwa.

Walipomrudisha nyumbani, fundi aliukata ule mkanda kwa mkasi wake wa kazi. Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imebonyea. Binti alipasuliwa mkono, lakini daktari alisema wamechelewa. Msimu uliofuata kiti chake kilikaliwa na yule wa akiba.

Siku hizi cherehani inakimbia tena, na kaka mtu amerudi kwenye randa yake. Wiki iliyopita nilipeleka shati, nikawakuta kwenye zoezi walilopewa hospitali. Binti anafumba macho, baba anamwekea kifungo kati ya vidole, binti aseme kama anakisikia. Fundi alikiweka, akavifunga vile vidole kwa mkono wake. Tukasubiri.

"Baba, umeshaweka?"

Fundi alinitazama, kisha akatazama chini.

"Bado, mwanangu."

Mimi ninayejulikana kwa mizaha nikaliweka shati langu mezani, nikatoka.

FUNZO

Mzazi mwenzangu, mtoto mwenye kipaji si ajira ya ukoo. Akisema anaumia, mwamini siku hiyohiyo, usimhesabie mechi zilizobaki. Na wewe jirani, unayemshangilia mtoto wa mwenzio, muulize pia hali yake. Mkanda wangu bado ninao kwenye droo. Kuuvaa siwezi, na kuutupa nimeona ni kujisamehe mapema mno.