Sauti ya Kivukoni

Kisanduku cha kivukoni kilimwita "mpenzi."

Mkandaji alicheka peke yake. Alikuwa kipofu tangu utotoni, na kisanduku hicho, kilichofungwa kwenye nguzo ya taa za barabarani, ndicho kilichomwambia "Subiri" au "Vuka sasa" kila alipokwenda kazini. Aliyekifunga ni mumewe, fundi wa taa hizo.

"Baba watoto, na uzee huu unanichombeza barabarani?" alimtania wakati wa kula.

"Nimekuchombeza lini?"

"Si umetia sauti yako? 'Vuka sasa, mpenzi.'"

Fundi aliacha kutafuna. "Mke wangu, mle mna sauti ya mwanamke."

Kesho yake mpiga kinanda wa mtaani, kipofu mwenzake, alijitosa barabarani huku akiitikia, "Naja, binti yangu," na basi likamsaga. Binti huyo alikuwa kaburini zamani. Waliomwokota walisema nguzo ilinuka nywele zilizoungua.

Walimwita mganga. Aliigusa nguzo, akauondoa mkono upesi.

"Ni jini," alinong'ona. "Anaiba sauti za watu. Fundi, king'oe, mimi nawasha makaa kule ng'ambo tukichome. Na wewe mama, ikikuita sauti yoyote, hata ya mumeo, usisogee."

Fundi alipanda ngazi mchana kweupe. Mkandaji alisimama ukingoni, ile harufu ikimjaa puani, akasikia bisibisi ikikwaruza chuma, kisha kishindo, kisha sauti ya mumewe kutoka barabarani, ikilia kwamba ngazi imeteleza, mguu umevunjika, anyooshe mkono tu amvute, lori linakuja, mke wangu, jamani mke wangu, naye akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, asisogeze hata unyayo, akijiambia kwamba leo mshenzi huyu hanipati, hanipati ng'o, mpaka breki zikapiga yowe na ile sauti ikakatika.

"Hakunipata!" alipaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. "Mganga, nimemshinda!"

Mganga alifika akihema. "Mama... alikuwa miguuni pako. Kwa nini hukumvuta?"

"Kumvuta nani?"

Juu ya nguzo kisanduku kilikwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo.

"Mimi leo," kikasema taratibu, "sijasema neno."