Nakala ya Simu Ndogo

"Kobe, shuka. Video imekaguliwa, iko safi."

Sauti ya Mkuu, kwenye redio ya mkononi. Kobe, mpelelezi wake, alikuwa ghorofa ya tano ya jengo la mitambo ya matangazo. Lifti mbovu, kama kawaida. Alikuwa amepanda kwa ngazi.

"Umeikagua kwa simu gani, Mkuu?"

"Hii yangu."

"Hiyo kama sinia?"

"Usinichezee. Saa sita kasoro kumi inarushwa."

Video ilikuwa ya tahadhari: saa saba bwawa linafunguliwa, watu wa bondeni wapande mlimani. Mtambo huitoa kwa nakala tatu, kila simu ipate inayoiweza: kubwa, ya kati, na ndogo ya simu za bei poa kwenye mtandao unaochechemea. Kanuni inasema zote zikaguliwe. Wakubwa hukagua yao tu. Wanaozikwa ni wa simu ndogo.

Kobe aliitazama tena nakala ya majaribio kwenye Nokia ya marehemu mkewe. Mtangazaji yuleyule. Maneno siyo.

"Kaeni ndani. Barabara ya mlimani imefungwa."

Magendo. Kobe alikuwa na fununu: saa sita malori ya silaha yangepita barabara hiyo, na wenyewe hawakutaka macho.

Bondeni alikuwepo mama mkwe wake, na simu ya vitufe.

Miaka mitatu nyuma Nokia hiyohiyo ilizungusha kiduara, video haifunguki, mpaka maji yakaingia. Mkewe alikutwa nayo mkononi. Kanuni ikaandikwa baada ya mazishi.

Teke. Mlango wa chumba cha mitambo ukaachia. Bastola ya Beretta mbele.

Fundi mitambo alikuwa anakunywa chai.

"Kaka, mimi nimetumwa tu!"

"Sote tumetumwa. Rudisha ndogo ya kweli."

"Dakika nane."

"Unazo saba."

Vidole vya fundi vikakimbia kwenye kibodi. Kobe alitazama Nokia.

Kiduara. Kikazunguka.

Kikazunguka.

"Pandeni mlimani. Sasa."

Simu ikaita palepale.

"Mkwe wangu, nimeiona. Nibebe kuku?"

"Mama, acha kuku!"

"Mmoja tu."

"Haya. Mmoja."

Saa sita barabara ya mlimani ilijaa watu, mikeka na mbuzi. Malori yakakwama katikati yao. Askari walioitwa na Kobe redioni waliyakuta yananguruma tu.

"Kazi nzuri, Kobe," Mkuu akasema redioni. "Nitakununulia simu ya maana."

"Nunua ndogo, Mkuu. Uitumie wewe."

Akazima redio. Akazishuka ngazi, moja moja.