Moto Bila Kiberiti

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia gatini kumsubiri mjomba wake amalize zamu. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Siku hizi, lakini, Chiriku alikuwa amenyamaza. Baba yake, aliyekuwa fundi wa kung'arisha mbao za mashua gatini hapo, alipata kazi kwenye karakana ya mbali, na simu zake za mwisho wa wiki hazikumtosha mtoto hata kidogo. Mama alifariki zamani. Kwa hiyo Chiriku aliishi kwa mjomba, kaka wa mama yake, aliyekuwa mlinzi wa gati lile la mashua za matembezi.

Alimkumbuka baba kwa mengi, ila zaidi kwa pua. Baba alinukia mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao. Alirudi nayo nyumbani kwenye vidole, kwenye kola, hata kwenye mkate aliomkatia. Fundi mpya wa gatini alitumia mafuta yale yale. Na kama baba, alipomaliza kazi aliyaanika matambara yake kwenye kamba, moja moja, kwa vibanio.

"Kunguru wa hapa ni wezi," fundi mpya alilalamika alasiri moja. "Naanika matambara mengi, nakuja kukuta machache."

"Labda wanajenga ghorofa," mjomba akamtania.

Chiriku akainamia daftari lake la hesabu. Kunguru alikuwa yeye. Aliyachukua matambara yakiwa bado mabichi, maana yakikauka harufu ilipungua. Aliyakunja, akayafunga pamoja, akayashindilia chini ya kiti cha mashua mojawapo aliyoing'arisha baba. Nyumbani asingeweza, chumba kizima kingenukia naye angeulizwa maswali. Pale gatini aliinua kiti, akanusa kidogo, kisha akaanza kazi za shule.

Asubuhi moja watu waliikuta mashua ile imeungua upande wa nyuma. Wengi walisema ni jiko la gesi. Chiriku alisikitikia matambara yake. Hakugusa kiberiti, basi moto ule ulimhusu nini? Akahamia mashua nyingine ya baba. Haikupita wiki, nayo ikaungua.

Hapo maneno yakaanza. Msimamizi wa gati alimwita mjomba mbele ya fundi mpya, na Chiriku akasikia yote.

"Shemeji yako aliondoka hapa na kinyongo. Nilimnyima nyongeza ya mshahara," alisema. "Sasa mashua zilizopita mikononi mwake zinaungua, na mlinzi mwenye funguo ni wewe. Ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

"Mkuu, nimelinda gati hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nichome kinachonilisha?"

"Mkaguzi wa moto anakuja kesho. Asipoona sababu, utaniachia funguo."

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye buti kubwa na tochi. Alijipenyeza ndani ya mashua, akatoka na masizi hadi masikioni. "Nyaya ni nzima," alisema. "Gesi ilikuwa imefungwa. Petroli haihifadhiwi upande huu, wala sioni kipisi cha sigara. Moto umeanzia chini ya kiti, na chini ya kiti hapakai kitu."

"Basi kuna mtu kauwasha," alisema msimamizi, macho kwa mjomba.

Mjomba alianza kufungua funguo kutoka kwenye mkanda wake. Chiriku aliziona zikitoka moja moja. Baba alikuwa mbali tayari. Mjomba akikosa kazi hapa, naye angelazimika kwenda mbali kuitafuta, na yeye angebaki na nani?

"Kulikuwa na matambara," alisema. "Ya mafuta. Niliyaficha mimi, kwenye mashua zote mbili."

"Ukayawasha?" aliuliza mkaguzi.

"Hapana, mama. Niliyakunja tu."

"Makavu au mabichi?"

"Mabichi."

Mkaguzi alizima tochi yake. "Mtoto huyu amenipa nilichokuwa nakitafuta," alisema. "Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Ukiyaanika matambara, joto linakwenda na upepo. Ukiyafungia pamoja, joto linakosa pa kutokea. Linaongezeka mpaka yanawaka yenyewe, hakuna haja ya kiberiti."

"Na mimi nikawasingizia kunguru," alisema fundi mpya.

Msimamizi alimrudishia mjomba funguo kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Siku ile ile akaagiza pipa la chuma lenye maji na kifuniko kwa ajili ya matambara. Chiriku naye hakuachwa hivi hivi. Jumamosi yake ilikwisha akisugua masizi, mjomba akisugua kando yake.

Jioni baba alipiga simu. Chiriku alimweleza kila kitu.

"Nilianika mbele yako miaka yote, sikukwambia kwa nini," baba alisema. "Lakini matambara ya nini, mwanangu?"

"Nilitaka harufu yako, baba. Nakukumbuka sana."

"Mbona huniambii? Kila nikipiga unasema hujambo, shule nzuri, basi."

"Sikutaka uhuzunike."

"Sikiliza, binti yangu. Umesema kweli leo, na mjomba wako amepona. Sasa fanya hivyo na ya moyoni pia. Hamu ni kama tambara la mafuta. Ukiikunja ukaificha, itaunguza hata wasiohusika. Ianike. Niambie, hata kama nitalia."

Chiriku akamwambia. Alimwambia habari za mkate, za kola, za kiti chake kitupu mezani, akaongea mpaka simu ikakatika yenyewe. Salio la baba lilikuwa limekwisha, na simu ya mjomba haikuwa na salio la kumpigia.

Mjomba alichukua simu yake, akavaa ndala. "Chiriku wetu amerudi," alisema, akatoka kwenda kununua vocha.